Kutafuta Mkalimani wa Mzee Yusufu

Wakalimani wenzangu, siku mliyoniaga pale hospitali mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, kisha mkaniomba niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Mtu aliyepata riziki yake kwa kusema maneno ya wengine, akiambiwa aseme yake hukosa pa kuanzia. Sasa nimetulia, meza yangu iko dirishani hapa Kilburn, mabasi yanapita chini na sina haja ya kuyakimbilia. Nitawaandikia yale mliyotaka kuyasikia. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, kwanza kwa sababu hayakuwa mengi.

Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nilikuja London na mume wangu baada ya Mapinduzi, nikiwa na Kiswahili, Kiingereza cha shule na koti la kuazima. Hospitali waliniajiri nipange mafaili, na ukalimani ulinikuta humo humo kwenye mafaili. Ilikuwa miaka ile Wahindi wa Kenya walipokuwa wakishuka Heathrow kila kukicha wakihofia mlango wa Uingereza usije ukafungwa. Asubuhi moja mkubwa wangu alitoka mbio akaniuliza kama najua Kihindi. Nikamwambia sijui. Akasema nijaribu tu, kuna bibi anateseka. Nikaingia. Yule bibi akanitazama akasema, kwa Kiswahili cha Nairobi, niwaambie hawa watu kwamba linalouma ni goti, waache kumminya tumbo. Nilipotoka nilimweleza mkubwa wangu kwamba tumezungumza Kiswahili. Hakuniamini hata siku anastaafu, na kila nilipopita aliwaambia wageni huyu ndiye mtaalamu wetu wa Kihindi.

Wakanihamishia chumba cha wakalimani. Nyinyi mna simu za mkononi na skrini. Sisi tulikuwa na chumba nyuma ya maabara kilichonuka dawa, simu moja nyeusi nzito, na Bwana Lau. Bwana Lau alitoka Hong Kong, aliwahi kuwa karani melini, mkimya, nadhifu, kila wakati ana peremende za tangawizi mfukoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Wodi zikipiga simu kusema zinataka mkalimani wa Kichina, alikuwa hainuki kitini. Kwanza aliomba mgonjwa apewe simu, na swali lake lilikuwa moja tu: nani alikulea, na huyo alitoka wapi? Akijibiwa ndipo alipojua kama aende mwenyewe na Kikantoni chake, amwite mpishi fulani anayesema Kihaka, au amtafute yule nesi mwanafunzi kutoka Malaya aliyelelewa kwa Kihokkien.

Mimi nilikuwa nikidhani Kichina ni kimoja. Nilipomwambia hivyo aliniuliza kwetu tunasemaje. Nikamweleza kwamba bibi yangu wa Makunduchi akizungumza, watu wa mjini Unguja hupata nusu, na nusu nyingine hucheka. Akasema nichukue tofauti hiyo, niizidishe mara nyingi, halafu niweke milima na bahari katikati. Akanionya pia juu ya kubahatisha. Mkalimani asiyejua aseme hajui, hata kama daktari amekunja uso. Nililishika hilo, ingawa mara nyingi nililishika roho ikiwa juu juu.

Kisa mlichokuwa mkiniuliza kila mara nami nikawa nakikwepa ni cha Mzee Yusufu.

Mzee Yusufu alikuwa Mchina wa Wete, Pemba. Alifika kisiwani akiwa kijana pamoja na kaka yake, wakawa wananunua majongoo ya pwani kwa wavuvi, wanayachemsha, wanayakausha na kuyapeleka kwao, ambako huliwa kama chakula cha fahari. Akasilimu, akamwoa Bi Mize, mwanamke wa Kipemba mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa zaidi ya miaka arobaini nyumba yao haikujua lugha nyingine ila Kiswahili. Binti yao, muuguzi, ndiye aliyewaleta London, kisha akaolewa akaenda zake Kanada. Wazee wakabaki katika fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mtaa, kule Tottenham, ghorofa ya juu, na lifti inayofanya kazi siku ikijisikia.

Asubuhi moja mzee alianguka bafuni. Kiharusi. Alipozinduka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala lakini ulimi ulikuwa macho. Alizungumza sana. Tatizo ni kwamba Bi Mize hakufahamu hata neno moja.

Niliitwa kwa ajili ya Bi Mize, na Bwana Lau kwa ajili ya mzee. Bwana Lau aliinama akasikiliza kwa muda mrefu. Akajaribu Kikantoni, akajaribu Kihaka cha kubabaisha. Kisha akainuka akamwambia daktari mkuu wa wodi kwamba hii ni lugha kamili, ina mpangilio wake, ila yeye haijui. Anahisi ni ya Hainan, kisiwa cha mbali kusini ambako watu wanaishi kwa bahari. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa kwamba Mchina hamwelewi, mke aliyeishi naye miaka arobaini hamwelewi, na kwake yeye huo ni usemi uliovunjika katika akili iliyovurugika. Ijumaa wangekaa kikao. Kama hakuna mabadiliko, mzee angehamishiwa hospitali ya wazee waliopotewa na akili, mbali nje ya London, mahali ambapo Bi Mize, asiyejua hata kununua tiketi ya treni, asingefika.



Nilikuwa nikikaa na Bi Mize kila saa ya wageni. Mzee alikuwa na sentensi moja aliyoirudia. Alimkazia mkewe macho, akaisema, akangoja. Bi Mize, naye hajui ameulizwa nini, alimjibu vile wake wote wa kwetu wanavyomjibu mgonjwa: "Kunywa uji, mume wangu. Utapona, inshallah." Mzee akausukuma uji. Mara moja bakuli lilianguka, na manesi wakaanza kusema kwamba mzee ni mgomvi. Kufikia katikati ya wiki aligeuza uso ukutani, akaacha kuuliza.

Bwana Lau hakulala juu ya jambo hili. Alimleta yule nesi wa Kihokkien, ambaye alinasa neno hapa na neno pale, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alimjua mpishi mmoja wa Hainan, lakini mpishi huyo alikuwa melini, na meli ilikuwa njiani kwenda Amerika ya Kusini. Akaniambia sasa nimuulize mke lile swali letu. Nikamwambia mke anajua nini, ameshasema hafahamu kitu. Akasema, "Muulize nani mwingine aliwahi kulelewa ndani ya lugha hii."

Nilimuuliza Bi Mize tukiwa tunakunja pamoja kikoi cha mzee. Alifikiri kidogo.

"Mie nikiisikia kwa shemeji yangu tu, mke wa kaka yake, Mchina mwenzao, naye keshakufa," alisema. "Yeye hakujaaliwa mtoto. Akakilea kile kitoto cha Kihindi cha dukani, Manjula, mamake alikufa siku alozaliwa. Kilikuwa kinazungumza Kichina kama kasuku. Baba yake akaja akamchukua, akamwoza Uganda."

Nilisimama. Majuma hayo hayo Wahindi wa Uganda, waliopewa siku chache za kufungasha maisha yao, walikuwa wakishushwa kwa madege. Magazeti yalijaa picha zao wakiwa wamejitanda mablanketi kwenye kambi za jeshi. Huenda yuko hapa, nikasema. Huenda yuko India, au Kanada, au hayuko duniani. Niliyafikiria hayo yote kwa pamoja nikiwa bado nimeshika kikoi cha watu.

Jioni ile nilipitia duka la viungo hapa Kilburn, la mzee mmoja Mgujarati wa Mombasa. Nikamweleza: mwanamke wa Kihindu, anaitwa Manjula, mzaliwa wa Wete, aliolewa Uganda. Akaniuliza ni watu wa jamii gani, wa Patel, Walohana au mafundi? Nikasema sijui, ila baba yake aliuza vitambaa na mama alikufa akimzaa. Alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia kila kitu. Akamwachia mkewe mizani, akaanza kupiga simu, na mimi nikawa nanunua bizari nisiyoihitaji ili nipate sababu ya kusimama pale. Msidharau watu wa namna hii. Serikali ilikuwa na kambi na maafisa; wao walikuwa na mashemeji.

Kesho yake alinipigia kazini. Manjula alikuwa Hayes kwa binamu, na alikuwa ameshapata kazi ya kufunga vyakula vya ndege karibu na Heathrow.

Niliomba ruhusa nikaenda. Alitoka zamu akiwa bado na kofia ya wavu kichwani, mwanamke mzima mwenye mvi za mbele na macho ya mtu asiyelala vizuri. Nilipomtajia Wete alikaa juu ya ukuta wa nje ya kiwanda. Nilipomtajia Mzee Yusufu alisema, "Ami mdogo," basi. Nilipomweleza ninachotaka, akaogopa kuliko mimi.

"Dada, sijakisema Kichina tangu nikiwa mtoto," alisema. "Najua njoo ukoge. Najua usishike, kuna moto. Najua umeshiba? Nitamwambia nini mtu mzima hospitalini?"

Nikamwambia amwambie hayo hayo. Akasema pia kwamba msimamizi wake hapendi watu wanaoomba ruhusa, na yeye ni mgeni kazini, na mumewe bado yuko kambini anangoja. Aliahidi atajaribu. Hakuwa na simu. Nikarudi na basi nikiwa na neno hilo moja, atajaribu, na sikuona njia nzima niliyopita.

Ijumaa ikafika. Daktari, sista wa wodi, na mama wa ustawi wa jamii walikusanyika karibu na kitanda. Bi Mize alivaa baibui lake jipya, kama anakwenda harusini au msibani. Bwana Lau alikuwa ameniomba niseme yeye ni mzito wa kutembea, aje taratibu, ili tupate dakika. Alitembea taratibu kweli. Sijapata kuona mtu akivuka wodi kwa unyenyekevu ule. Lakini hata mwendo wa Bwana Lau una mwisho. Daktari akatazama saa, akaanza kusema kwamba anasikitika.

Ndipo nikasikia mzozo mlangoni. Nesi alikuwa akimweleza mtu kwamba saa ya wageni bado, na mtu anajibu kwa Kiingereza cha wasiwasi kwamba yeye ndiye mkalimani wa Kichina. Nesi akamtazama: sari ya kijani, koti kubwa la kiume la kupewa kambini, viatu vimelowa. Akasema wanamngoja Mchina. Nilifika mlangoni kabla hajamaliza, nikamshika Manjula mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

Alisimama miguuni pa kitanda. Mzee alikuwa ameukabili ukuta. Manjula alifumbua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ikatoka sauti nyembamba, ya mtoto wa miaka sita, kutoka kwa mwanamke mwenye mvi, maneno mawili matatu.

Mzee akageuka. Akamtazama, kisha maneno yakamtoka kwa wingi na kwa haraka, hata Manjula akainua mikono kumwomba apunguze.

Daktari alitaka amuulize huu ni mwaka gani na waziri mkuu ni nani. Nikageuza kwa Kiswahili. Manjula akaniambia hajui mwaka unaitwaje. Alikuwa mtoto, watoto hawaulizwi mwaka. Nikamweleza daktari kwamba mkalimani wetu ana maneno ya mtoto tu, basi naye aulize maswali ya mtoto. Nilidhani ataondoka. Alivua miwani, akaisugua, akauliza: huyu mwanamke aliyekaa hapa ni nani?

Jibu likaja kwa njia yake ndefu, kutoka kwa mzee kwenda kwa Manjula, kwa Manjula kuja kwangu, kwangu kwenda kwa daktari. Huyu ni mke wangu. Ananificha jambo.

Jambo gani?

Manjula alisikiliza, akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Nilimwambia aseme.

"Anasema amewauliza nyote, siku zote hizi, kama anakufa," alisema. "Amewauliza kwa Kiswahili. Na nyote mnamwambia anywe uji."

Bi Mize alinitazama. "Kwa Kiswahili?"

Nililiona jambo lote wakati huo, na nikahisi vibaya kuliko siku zote. Mtu huyu alijua desturi yetu, ambayo ni desturi ya kwao pia: mgonjwa wa kufa haambiwi. Aliuliza, akajibiwa pembeni, akatazama nyuso zetu za huruma, akajua basi, amekwisha. Ndiyo maana akageukia ukuta.

Manjula alimweleza kwamba Kiswahili hakijamtoka kinywani tangu aanguke. Mzee akakataa. Alisema alikijua Kiswahili kabla yeye Manjula hajazaliwa. Atakosaje kujua kilicho mdomoni mwake? Sasa hata mtoto wa kaka yake wamemleta wamfiche. Daktari alinigeukia, na kwenye uso wake nikaona anarudi kule kule kwenye akili iliyovurugika.

Mzee alitazama dari, akatazama mkono wake uliolala. Kisha akamgeukia Bi Mize, akamkazia macho, akasema sentensi moja, polepole, kila neno mahali pake.

Bi Mize akamfuta mate kwa upole, akamtengenezea shuka. "Inshallah, mume wangu," akasema.

Manjula akaguna, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Mzee alifumba macho, akasema kitu kifupi. Daktari akaniuliza kuna nini, nami nikamuuliza Manjula.

"Amemwambia anataka kumwoa yule nesi mnene wa asubuhi, awe mke wa pili," alisema Manjula. "Na Bi Mize amesema inshallah. Sasa mzee anasema, basi ni kweli, hanisikii."

Nilipomaliza kuligeuza kwa Kiingereza, yule mama wa ustawi wa jamii alikuwa wa kwanza kucheka. Daktari hakucheka. Alivaa miwani, akamtazama mzee kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu mwenzake, akasema mgonjwa aliyevurugika hatungi mtihani. Bi Mize ndiye aliyechelewa kuelewa, kwa kuwa sote tulikuwa tunaongea na hakuna aliyemgeuzia. Nilipomwambia, aliliweka bakuli chini.

"Mwambie aoe," alisema. "Ila amtafute atakaemfahamu maneno yake. Mie nimechoka kujibu nisichoulizwa." Kisha akalia, na mzee, kwa nusu ya uso wake, akacheka.

Hapo ikabaki ile sentensi ya mwanzo. Mzee aliirudia. Bi Mize alinibana kifundo cha mkono, akaninong'oneza wasimjibu hilo, hata kama ni zuri, mgonjwa haambiwi. Na mimi ndani yangu nilikuwa upande wake, ndivyo nilivyolelewa. Bwana Lau alikuwa amesimama nyuma na peremende yake shavuni, ananitazama tu. Nikaligeuza swali. Daktari akajibu kwamba hafi, si kwa ugonjwa huu. Mguu utarudi kidogo kidogo, Kiswahili huenda kikarudi, huenda kisirudi. Manjula hakuwa na neno la kiharusi. Alimwambia kichwa kimeanguka, hakijavunjika, kitasimama polepole, sasa ale. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba uji.

Alirudi Tottenham. Manjula akawa anapanda mabasi kutoka Hayes Jumapili baada ya Jumapili, na mumewe alipotoka kambini akawa anakuja naye. Kiswahili cha mzee kilirudi vipande, hakikurudi chote. Neno la kwanza kurudi, Bi Mize aliapa, lilikuwa sitaki.

Basi, vijana, simu zenu zina kila kitu, lakini muulizeni mgonjwa nani alimlea. Muulizeni mapema, angali anaweza kujibu kwa lugha mnayoijua.

Mimi nimeanza kwangu. Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza, kama wenzake. Kile cha Makunduchi hajui hata kama kipo. Juzi nilimkalisha nikamwambia kwamba nikianguka siku moja nikaanza kusema asiyoyaelewa, asinipe uji. Amtafute mtu wa Makunduchi, popote alipo. Akanishika bega. "You'll be fine, Mum," alisema. "Inshallah."

Nikamtazama usoni vizuri, kisha nikamwambia, polepole, kwa maneno ya bibi yangu, kwamba bangili zangu zote za dhahabu nimempa wifi yake.

Akatabasamu, akanibusu shavuni, akaenda jikoni kutia chai.